Kabla hujapiga mbiu

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Ndivyo ninavyofungua mafunzo ninayowapa wenyeviti wa vijiji, watendaji na viongozi wa vikoba hapa Dodoma. Wanaimalizia methali kwa sauti. Kisha nawauliza: jambo gani? Ukumbi unanyamaza.

Ninafundisha uongozi unaozingatia kiwewe. Mtu aliyepigwa, aliyebakwa, aliyenusurika ajali au aliyehamishwa kwa nguvu, tukio humpita lakini mwili hubaki zamu, kama mlinzi ambaye mwenzake hakuja kumpokea. Sauti, harufu au neno tu latosha: moyo unaenda mbio kabla akili haijajua kuna nini. Kiongozi asiyelijua hilo humwandika mtu huyo mkorofi.

Mtendaji mmoja wa Chamwino alinilalamikia kwamba wazee wake wanakwepa shughuli za usafi. Nikaomba kuliona tangazo. Limeandikwa kwa herufi kubwa: OPERESHENI USAFI. Kwake yeye, kijana wa juzi, hilo ni neno la ofisini tu. Lakini Ugogo ilipitia Operesheni Dodoma mwaka 1971, kisha Operesheni Vijiji, watu wakatolewa kwenye makazi yao ya kutawanyika na kupelekwa vijijini, wengine bila hiari. (Wapo wazee wanaosema shule na zahanati zilikuja kwa njia hiyo hiyo, nao hawasemi uongo.) Bibi mmoja alituambia kwamba aliposikia neno lile, alianza kukusanya vyungu vyake. Tangazo likabadilishwa kuwa "siku ya usafi". Wengine walikuja, wengine hawajaja hadi leo.

Ndiyo maana nusu siku nzima naitumia kwenye wito peke yake. Wenzangu wanaona nimezidisha. Lakini fikiria karatasi yenye mhuri: "Fika ofisini kesho saa mbili bila kukosa." Sababu haipo. Mjane aliyewahi kudhulumiwa shamba na ndugu wa mume halali usiku huo. Asubuhi anafika ameshajifunga moyo, na kila utakalomwuliza ni ndiyo na hapana.

SAMHSA, taasisi ya serikali ya Marekani, iliorodhesha mwaka 2014 misingi sita ya kazi hii: usalama, uaminifu na uwazi, kusaidiana kwa waliopitia hali moja, ushirikiano, kumpa mtu sauti na uchaguzi, na kuzingatia utamaduni, historia na jinsia. Wito wenye sababu unagusa karibu yote, tena kwa gharama ya wino.

Kosa langu kubwa lilikuwa kudhani kwamba kusimulia ndiko kupona. Miaka ya mwanzo niliwasimamisha washiriki mmoja mmoja waseme walichopitia. Mwenyekiti mmoja akaanza kueleza ajali ya treni ya Igandu, ile ya Juni 24, 2002 iliyoua watu 281. Alikuwa kati ya waliokwenda kubeba miili. Akafika mahali akakwama, na mimi, kwa ujinga wangu, nikamwambia "endelea tu, mzee wangu". Baada ya chakula cha mchana hakurudi. Tangu siku hiyo simwombi mtu asimulie, na nawakataza viongozi kuuliza "umepitia nini?" mbele ya watu. Anayetaka kusema atasema, kwa wakati wake, kwa mtu aliyemchagua.

Kiongozi si tabibu. Ila awe anajua pa kumwelekeza mtu, na namna ya kumwelekeza. Hapa kwetu ukisema "nenda Mirembe", mtu anasikia "wewe kichaa", hata kama hospitali ile ya magonjwa ya akili ingemfaa. Anzia zahanati, au kwa afisa ustawi wa jamii. Likiwa la ukatili, lipo dawati la jinsia na watoto polisi.

Majuzi mtendaji wa Bahi alinionyesha wito wake mpya: "Mama, naomba ufike Jumatano saa nne tuzungumzie mpaka wa shamba. Tutakuwepo mimi na mwenyekiti. Ukipenda, njoo na ndugu yako. Kama siku haikufai, nijulishe." Mhuri ameubakiza. Alisema bila mhuri watu watadhani ni barua ya posa.