Kinachobeba Utando wa Kuchuja Maji

Mitambo ya kuchuja maji kwa utando, yaani karatasi nyembamba inayopitisha maji na kuzuia chumvi, hutumika nchini Uganda katika viwanda vya maji ya chupa na pia hospitalini, katika vitengo vya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo. Wanunuzi huuliza kwanza utando unazuia chumvi kwa kiasi gani. Ni swali la haki, ila linagusa tabaka moja tu kati ya matatu.

Tabaka la juu ni la poliamidi, aina ya plastiki, lenye unene wa takriban mikroni 0.1 hadi 0.2 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), nalo ndilo linalozuia chumvi. Chini yake kuna polisalfoni, plastiki nyingine yenye vitundu vidogo sana, unene wa mikroni 40 hadi 50 hivi, kisha kitambaa cha poliesta kinachoupa utando uimara.

Polisalfoni haikuwekwa hapo kwa kubeba tu. Kiwandani hulowekwa kwanza katika maji yenye kemikali ya amini, ikafutwa, kisha ikamiminiwa kemikali ya pili iliyoyeyushwa katika heksani, kimiminika kisichochanganyika na maji, na poliamidi huundwa papo hapo mahali vimiminika hivyo viwili vinapokutana. Kwa hiyo sura ya vitundu huamua poliamidi itakavyokaa. Vitundu vikiwa vipana mno, poliamidi iliyo juu yake hukosa pa kuegemea na huweza kupasuka pampu inaposukuma. Vikiwa vichache, maji yaliyoingia juu ya sehemu isiyo na kitundu hulazimika kusafiri kwa ubavu ndani ya poliamidi hadi yapate pa kutokea, na hapo mtiririko hupungua ijapokuwa chumvi bado inazuiwa vizuri. Kwa maoni yangu, kasoro hii ya pili ndiyo ambayo pampu hulaumiwa kwayo kimakosa.

Shinikizo kubwa, kama lile la kuchuja maji ya bahari, pia huibana polisalfoni, na mtiririko uliopotea haurudi wote. Kwetu tusio na bahari, tatizo hilo ni dogo.

Kubwa zaidi ni kukatika kwa umeme. Pampu ikizimika ghafla, maji safi yaliyo katika tangi lililoinuliwa hurudi na kuusukuma utando kwa nyuma, ilhali poliamidi imeundwa kukandamizwa juu ya polisalfoni, si kusukumwa mbali nayo. Ikibanduka, chumvi hupenya, na hakuna usafishaji utakaoirudisha mahali pake. Valvu ya kuzuia maji kurudi, ikifungwa kwenye bomba la maji safi kabla ya tangi, huepusha hasara hiyo kwa bei ndogo kuliko ya utando mpya.