Hawakupigana Kweli

Filamu yoyote ya wahuni wa mpira wa Uingereza ikianza kuzunguka kwenye vibanda umiza, inafuatana na uzushi wake: "Kaka, wale walipigana kweli. Walichukuliwa wahuni wenyewe wa West Ham." Wiki hii nimeusikia tena, kuhusu Rise of the Footsoldier ya 2007, na aliyeusema ana mpango wa kukusanya vijana arobaini wa mtaani na kuwaacha "wapigane freshi" mbele ya kamera. Mimi kazi yangu ni kupanga mapigano ya filamu. Hapo siwezi kunyamaza.

Anza na hesabu tu. Ugomvi mmoja wa nje ya baa unapigwa kwa kamera tatu, au kamera moja inayohamishwa mara tatu, na kila upande una teki, yaani marudio ya kupiga picha, sita, saba, wakati mwingine kumi na nne. Ngumi ile ile irudiwe mahali pale pale, mguu ule ule mbele, la sivyo mhariri hana cha kuunganisha. Sasa mwambie mtu apigwe kweli taya mara thelathini. Hata mpigaji hafiki mchana: ngumi tupu ikikutana na fuvu, kinachovunjika kwa urahisi ni mfupa wa kiganja chini ya kidole kidogo.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawapendi kulisikia: ugomvi wa kweli haupendezi kwenye picha. Tafuta mkanda wa uwanja wa Kenilworth Road, 13 Machi 1985, Luton na Millwall, robo fainali ya Kombe la FA. Ile ni vurugu halisi kabisa, viti vimeng'olewa na kurushwa, polisi wanarudishwa nyuma. Unachoona ni watu wanakimbia. Wanakimbilia mbele, wanasita, wanarukaruka, wanarudi. Ngumi zinazofika ni za kutafuta, maana kila mtu anaogopa, hata mbabe. Filamu inataka kinyume chake: kila ngumi isomeke hadi na mtu aliyekaa benchi la nyuma.

Ngumi yenyewe sasa, maana hapa ndipo panaponikera. Watu hudhani siri ni "kukosa kidogo". Hapana. Siri ni mahali ilipo lenzi. Kati ya ngumi na shavu kuna nafasi ya sentimita 20 hadi 30, na nafasi hiyo lazima ilale kwenye mstari mmoja na lenzi, ili ngumi ipite mbele ya uso jinsi kamera inavyouona. Kamera ikae nyuma ya bega la mpigaji, au nyuma ya bega la mpigwaji. Isogeze mita moja tu pembeni, nafasi inaonekana na ukumbi mzima unacheka. Kamera ikikaa mbali na lenzi ya milimita 85 au zaidi, umbali unabanwa na ngumi inaonekana imefika. Lenzi pana ya 24 ikiwekwa ubavuni mwao inaanika kila kitu. Mpiga picha anayependa lenzi pana kwa sababu "inaleta uhai", mimi naye hugombana kabla hata wahuni hawajagombana.

Na kazi kubwa si ya mpigaji, ni ya mpokeaji. Mpigaji haanzi mpaka macho yao yakutane. Hiyo ndiyo ishara ya "niko tayari", na haina badala. Kisha mkono unavutwa nyuma kwa uwazi, unapita, kichwa kinafuata. Kichwa kifuate njia ya ngumi: ukipiga kwa mkono wa kulia kwa kuzungusha, shavu la kushoto la mwenzako ndilo linalopokea, basi uso wake unageukia kulia kwake. Nimesema kulia kwake. Utashangaa ni wangapi wanageukia upande ngumi inakotoka, kana kwamba inawavuta kwa sumaku. Kosa la pili ni kuwahi. Uingereza huzoea fremu 25 kwa sekunde. Mpokeaji akiwahi fremu tatu, yaani sekunde 0.12, jicho linashtuka hata kama mtazamaji hawezi kusema kilichoharibika. Kuchelewa kidogo kunasameheka, mhariri atakata. Kuwahi hakuna dawa.

Ndiyo maana mhuni halisi ni mwigizaji mbaya wa ugomvi. Anajua kupiga, hajui kukosa, na akiguswa kwa bahati mbaya damu inapanda. Mazoezi huanza kwa nusu ya mwendo, yakapanda hadi robo tatu, na hapo hapo mara nyingi ndipo tunapopiga picha. Mwendo kamili huleta fujo isiyosomeka.

Kundi ni jambo rahisi kuliko linavyoonekana. Watu arobaini wanatosha kuonekana mia tatu ukiwapanga kwa safu: mbele wasanii wa stanti, jozi kwa jozi, kila jozi na miondoko minne au mitano inayojirudia na mita mbili za kujitanua, katikati wanaojua kukimbia na kuanguka, nyuma wa kupiga kelele na kurusha mikono. Vyuma vyote ni mpira au sponji. Majeraha huja jioni, teki ya saba, watu wamechoka na wameanza kujiamini.

Mavazi: usiwavishe skafu za timu. Kundi la West Ham lililojiita Inter City Firm lilichukua jina kutoka treni za kawaida za InterCity, walizopanda ili kuzikwepa treni maalumu za mashabiki zilizojaa polisi. Mtu anayejificha hivyo havai rangi za klabu. Walivaa nguo za bei, za kawaida. Kila vazi liwe na nakala tatu: safi, lenye damu kidogo, lililoharibika.

Chupa. Ya kuvunjia kichwani ni ya resini au ya sukari. Ya sukari: vikombe vitatu na nusu vya sukari, viwili vya maji, kimoja cha sirapu ya mahindi, chemsha hadi nyuzi 150, mimina kwenye kalibu. Ikizidi 160 inageuka rangi ya karameli. Kwa unyevu wa Dar inaanza kunata ndani ya saa chache, kwa hiyo tengeneza asubuhi ile ile. Hata hiyo hatuipigi utosini wala karibu na macho.

Hapa lakini nina shaka na kazi yangu. Chupa yetu inapasuka kirahisi, aliyepigwa anatikisa kichwa na kuendelea. Watafiti wa Bern, Uswisi, walipima chupa za bia: iliyojaa ilivunjika kwa pigo lenye nishati ya jouli 30, tupu kwa 40, na zote mbili zatosha kuvunja fuvu. Yaani kichwa kinaweza kuvunjika kabla ya chupa. Tumewafundisha watu kinyume kwa miaka mingi, na sijaona mwongozaji anayetaka kupiga chupa isiyovunjika.

Sauti ni uongo wa pili. Ngumi ya kweli inalia "du", kama mto ulioanguka. Tunachosikia kwenye filamu ni koti la ngozi linalochapwa, kabichi linalopigwa, seleri inayovunjwa kuwa mfupa. Damu nayo ni sirapu, rangi nyekundu, tone la bluu na kakao kidogo ili isiwe kama soda. Waingereza wana sirapu yao ya dhahabu, na kiwanda chake kiko mashariki mwa London, upande ule ule West Ham inakotoka.

Bunduki nitazipita haraka, ila hapa sitanii. Risasi ya baruti tupu, isiyo na kichwa, inaua. Mwigizaji Jon-Erik Hexum alijipiga nayo kwenye panja mwaka 1984 kwa mzaha, akafa. Mwigizaji mwingine, Brandon Lee, alikufa 1993 kwa sababu kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama kwenye mtutu, baruti tupu ikakisukuma. Filamu niliyoitaja inafika kwenye mauaji ya Rettendon, Essex, Desemba 1995: wanaume watatu ndani ya Range Rover, bunduki ya marisau. Tukio la namna hiyo ukinipa mimi, hakuna baruti ndani ya gari lililofungwa. Masikio ya waigizaji hayatapona. Bunduki ni ya mpira, damu inasukumwa kwa mrija uliopita nyuma ya kiti, kioo kina kifaa chake cha kukipasua, na mwako wa mtutu unawekwa kwenye kompyuta baadaye. Mwigizaji anabakiwa na kazi moja: kujirusha nyuma kwa wakati, bila kuwahi.