Moto Hauongezi Dhahabu

Mchimbaji akiingia maabara na jiwe linalong'aa sana, mara nyingi huhisi jibu kabla sijaligusa. Dhahabu iliyomo ndani ya mwamba haina makuu. Miamba ya Geita, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, imeibeba katika chembe ambazo nyingi jicho halizioni. Kinachometameta kwa kawaida ni pairaiti, yaani chuma kilichoungana na salfa, chenye pembe zilizonyooka kama zilizochongwa kwa kisu. Ukiigonga kwa nyundo inavunjika; dhahabu inabonyea. Ukiisugua kwenye kigae kikavu inaacha alama nyeusi. Dhahabu inaacha alama ya njano. Tena kwa ukubwa uleule, dhahabu ni nzito karibu mara nne.

Hata hivyo simwambii alitupe. Kwenye machimbo ya Kanda ya Ziwa dhahabu hupenda kukaa na pairaiti, wakati mwingine imejificha ndani yake kabisa. Jiwe hupimwa, halikisiwi kwa macho. Mimi ni mpimaji wa madini na pia mzee wa kanisa, na nimeshaona usharikani watu wakisifiwa kwa mng'ao wao, na wengine wakikatiwa tamaa kwa sababu ya wanaokaa nao. Kwa hiyo naomba niwaeleze jinsi sisi tunavyopima, kwa sababu Biblia inataja kazi hii mara nyingi, na mahubiri mengi yanayoitaja yanaipitia juujuu.

Njia inayoaminiwa kuliko zote ni ya moto, nayo msingi wake ni wa kale kuliko Agano Jipya. Tunalisaga jiwe hadi liwe laini kama unga wa sembe. Tunachukua gramu 50 hivi, tunazichanganya na oksidi ya risasi, magadi, boraksi na unga wa ngano kidogo. Ndiyo, ngano ileile ya chapati: ikiungua, huigeuza ile oksidi kuwa risasi kamili. Chungu kinaingia katika tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Humo mwamba unakuwa uji, na matone ya risasi yanashuka ndani yake kama manyunyu, yakizoa kila chembe ya dhahabu na ya fedha yanayokutana nayo njiani. Tukimimina na kupoza, mwamba umekuwa kioo, na chini yake kuna kitonge cha risasi.

Kitonge hicho tunakiweka kwenye kikombe kidogo kilichofinyangwa kwa majivu ya mifupa au kwa magnesia, tunakirudisha motoni. Hewa inaigeuza risasi kuwa oksidi tena, kikombe kinainywa kidogo kidogo, mpaka inabaki punje moja tu. Fedha iliyomo tunaiyeyusha kwa tindikali ya naitriki, ambayo dhahabu haiiogopi. Kinachobaki ndicho kinachopanda mizani.

Katika hatua zote hizo, moto haukuongeza dhahabu. Jiwe tupu likipita humo mara 10 litatoka tupu mara 10. Ninaposikia ikihubiriwa kwamba mateso ndiyo yanayomfanya mtu awe dhahabu, roho yangu ya mpimaji inakataa. Ayubu aliposema, "Akisha kunijaribu, nitatoka kama dhahabu," alikuwa akimzungumzia Mungu anayeijua njia yake. Uaminifu wake ulikuwapo kabla majivu hayajamfunika. Waraka wa kwanza wa Petro nao, sura ya 1 mstari wa 7, unazungumzia kujaribiwa kwa imani ambayo wasomaji wake walikuwa nayo tayari. Wapo watu walioteseka wakatoka na uchungu mtupu, na tunawajua. Tanuri halikuwa na cha kuwapa.

Basi dhahabu inatoka wapi? Katika Ufunuo 3:18 Kristo anawaambia watu wa Laodikia, waliojiona matajiri, wanunue kwake dhahabu iliyosafishwa kwa moto. Kwake. Mji ule ulikuwa na mali nyingi, lakini bidhaa hiyo haikuwa katika maduka yao, na haipatikani katika shida zetu wala katika nidhamu yetu ya kufunga na kukesha.

Nabii Yeremia naye aliijua kazi hii vizuri. Sura ya 6, mistari ya 29 na 30, inasimulia mivuo, yaani viriba vya kupulizia moto, inayovuma na risasi inayoteketea, na bado usafishaji unakuwa wa bure, mpaka watu wanaitwa fedha iliyokataliwa. Aliyewahi kusimama mbele ya tanuri anaelewa mara moja. Risasi ikiisha kabla taka haijaondoka, punje haitoki safi, hata ukauchochea moto namna gani. Kwangu ndiyo mistari mizito kuliko yote inayohusu madini katika Maandiko, na sikumbuki lini niliisikia mimbarani.

Jambo hili lina matumizi yake nyumbani kwa mfiwa. Tunafika, tunakaa mkekani, halafu mmoja wetu anamwambia mama aliyezika mtoto kwamba Mungu anamsafisha kama dhahabu. Ndugu zangu, tuache. Siku ya msiba si siku ya kumpima mtu karati. Rafiki zake Ayubu walifanya vema siku saba za kwanza, walipokaa naye chini bila kusema neno.

Nimetaja karati. Dhahabu safi, ya karati 24, ni laini mno kwa pete ya kila siku, ndiyo maana sonara huichanganya na shaba au fedha. Pete ya karati 18 ina dhahabu asilimia 75. Ya karati 9 ina asilimia 37.5. Hakuna kosa hapo. Kosa ni kugonga muhuri wa 18 juu ya pete ya 9. Hapo humkumbuka Anania wa Matendo 5. Petro hakumlaumu kwa kubakiza sehemu ya fedha ya kiwanja. Alimwambia wazi kwamba kiwanja kilikuwa chake, na hata baada ya kukiuza fedha ilikuwa mikononi mwake. Aliangukia kwenye muhuri: alileta sehemu akijifanya ameleta yote. Mkristo anayesema, "Imani yangu kwa sasa ni ndogo, niombeeni," amejipiga muhuri wa kweli, na kanisa linajua la kufanya naye.

Kuna adui wa dhahabu ambaye wachimbaji wadogo wanamjua kuliko wahubiri, naye ni zebaki, ile wanayoitumia kunasia dhahabu. Maji hayaiozeshi dhahabu, hewa haiitii kutu, bahari inaweza kuilalia karne nyingi ikatoka iking'aa. Lakini zebaki huishika bila moto wala kishindo, na pete ikiguswa nayo hugeuka nyeupe pale pale mkononi. "Mazungumzo mabaya huharibu tabia njema," anasema Paulo katika 1 Wakorintho 15:33. Kuitoa ni kazi ya moto, na mvuke wake ni sumu: huharibu mishipa ya fahamu na humdhuru mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo msichome zebaki jikoni, wala kwenye kikaango kitakachorudi kupikia, wala mbele ya watoto. Itumieni ndani ya chombo kilichofungwa, kinachonasa mvuke, au iacheni kabisa.

Malaki 3:3 inasema Bwana ataketi kama msafishaji wa fedha. Kuna hadithi inayopendwa kwamba msafishaji hujua kazi imekwisha anapouona uso wake ndani ya fedha. Haimo katika mstari huo, na mimi sijawahi kuuona uso wangu ndani ya punje. Ila kuketi ni kweli. Moto ukipungua, kitonge kinaganda kabla ya wakati. Ukizidi, dhahabu kidogo inapotelea kikombeni. Lazima mtu akae, aangalie rangi. Na risasi ya mwisho inapoondoka, punje inamulika ghafla, mara moja, kama jicho lililofumbuka. Ndipo tunaitoa.

Jiwe lenye gramu 5 za dhahabu kwa tani hutoa, katika zile gramu 50 zetu, robo ya miligramu. Ni ndogo kama punje ya chumvi. Vijana wa duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, wakija kuchukua majibu huomba kuiona, nami nasogeza taa, nawapa lenzi, wanainama mmoja mmoja.

"Ndiyo hiyo tu, mzee?"

Ndiyo hiyo, nawaambia. Rudini mkachimbe.