Ridhaa sio ubovu jamani

Kuna neno linanikera kila ligi ikianza, timu ikifungwa tano utasikia tu "hawa mabeki wa ridhaa kabisa hawa". Hapana bwana. Mchezaji wa ridhaa ni yule anayecheza bila kulipwa, basi, uwezo wake haumo kabisa kwenye hiyo maana.

Na neno lenyewe linajieleza, ridhaa ni ndugu yake radhi na kuridhika, tumelitoa kwenye Kiarabu, yaani mtu kacheza kwa sababu moyo umeridhia. Waingereza wana amateur, wamelichukua kwa Wafaransa, na mzizi wake Kilatini ni mwenye kupenda. Sasa ubovu umeingilia wapi hapo?

Mcheki Robert Poore. Ofisa wa jeshi la Uingereza huyo, wa kikosi cha farasi, kriketi hajaajiriwa na mtu. Julai 1899 pale Taunton, Meja Poore akiichezea timu ya Hampshire dhidi ya Somerset kapiga mikimbio 304 (mikimbio ndiyo alama za kriketi), mwenzake Kapteni Teddy Wynyard, naye mwanajeshi naye wa ridhaa, kapiga 225, wawili hao peke yao wakaongeza 411 kwenye wiketi ya sita, yaani wakipiga pamoja baada ya wenzao watano kutolewa! Msimu ule wastani wa Poore pale Hampshire ulikuwa mikimbio 116.58 kwa kila alipotolewa. Haya, mwite mbovu.

Kilichowatenganisha wa ridhaa na wa kulipwa kwenye kriketi ya Uingereza kilikuwa tabaka. Wa ridhaa waliitwa mabwana, wa kulipwa wakaitwa wachezaji tu, kila kundi na chumba chake cha kubadilishia nguo, na hata kwenye karatasi ya matokeo bwana herufi za mwanzo za majina yake zilikuwa zinatangulia jina la ukoo, wa kulipwa zilikuwa zinakaa nyuma. Mwaka 1950 pale Lord's, uwanja wa kriketi wa London, kipaza sauti kiliwahi kutangaza sahihisho kwamba F.J. Titmus asomeke Titmus F.J., maana kijana wa kulipwa kapewa heshima isiyo yake, fikiria. Halafu W.G. Grace, nyota wa kriketi wa Uingereza wa karne ya 19, bwana wa ridhaa kwenye makaratasi, alikuwa anavuna hela kuliko hao wenye ujira. Utengano huo waliamua kuufuta mwishoni mwa 1962, wote wakawa wanakriketi.

Kwa hiyo ndugu yangu, beki wako akiteleza sema kacheza vibaya, inatosha. Yule ana mkataba na mshahara wake unaingia kila mwezi, ni wa kulipwa kabisa, mbovu wa kulipwa.