Kazi ya Nyumbani: Fanya Vibaya Kidogo

Hakuna anayeingia ofisini kwangu akisema tatizo lake ni kutaka kila kitu kiwe kamili. Wanakuja kwa sababu hawalali, au ripoti ya kazini imekaa wiki tatu bila kutumwa, au nyumbani kuna ugomvi juu ya namna ya kutandika mashuka. Mimi ni mwanasaikolojia, na kuna swali moja huwa naliuliza mapema: ni kitu gani unakifanya kwa kukipenda tu, bila mtu kukupima? Wengi hunyamaza. Kisha mmoja atasema zamani aliimba kwaya, mwingine alishona. Waliacha siku walipotambua kwamba hawatakuwa hodari.

Mwaka 1991 watafiti wawili wa Kanada, Paul Hewitt na Gordon Flett, walitoa dodoso la vipengele 45 linaloigawa tabia hii mafungu matatu: mtu anayejidai ukamilifu mwenyewe, anayewadai wengine, na anayeamini kwamba watu ndio wanaomdai yeye. Hili la mwisho ndilo linalokua kwa kasi. Thomas Curran na Andrew Hill walikusanya majibu ya wanafunzi wa vyuo zaidi ya 40,000 wa Marekani, Kanada na Uingereza, ya kuanzia 1989 hadi 2016. Mafungu yote yalikuwa yamepanda. La tatu lilipanda kwa asilimia 33.

Sisi hatukuwamo kwenye hesabu hiyo, lakini sioni cha kujipongeza. Mtoto wa hapa Tanzania shule zikifungwa husalimiwa na mjomba kwa swali moja: "Umekuwa wa ngapi?" Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na watahiniwa bora mwaka 2023. Mjomba hajaacha. Na siku hizi hata starehe ina alama. Watazame wakimbiaji wa asubuhi pale Daraja la Tanzanite: mtu katoka kunyoosha miguu na kupigwa na upepo wa bahari, anarudi kanuna kwa sababu saa ya mkononi imemwambia leo alikuwa mzito kuliko Jumanne.

Roz Shafran na wenzake wa Oxford walieleza vizuri mwaka 2002 jinsi mtego huu unavyofanya kazi. Mtu huipima thamani yake yote kwa viwango alivyojiwekea. Akishindwa, anajisulubu. Akifaulu, na hapa ndipo penye uchungu, anasema kumbe kiwango kilikuwa chepesi, anakipandisha. Kwa hiyo siku ya kufurahi haifiki hata kwa anayefaulu kila mara.

Ndiyo maana kumwambia mtu kama huyu "punguza viwango" hakusaidii. Anasikia "kuwa mvivu". Tena sitaki muuguzi anayepima dozi alegeze mkono. Ninachogusa ni imani yake juu ya kitakachotokea akikosea jambo dogo, na imani hupimwa kwa jaribio. Unachagua kitu kisicho na hatari, unaandika kabla unachohofia, unakifanya, halafu unaandika kilichotokea. Kwa mfano, Jumapili una wageni, chapati moja imetoka na umbo la ramani ya Afrika. Usiifiche chini ya nyingine. Hofu iliyoandikwa: wifi atanisema. Kilichotokea: wifi aliuliza kama kuna nyingine. Au tuma ujumbe wenye herufi iliyorukwa kwenye kundi la familia, usiufute.

(Wapo wanaoniletea daftari la zoezi hili likiwa limepigwa mistari kwa rula na wino wa rangi tatu. Tunacheka, tunaendelea.)

Raha haiji siku ya kwanza. Inayokuja kwanza ni karaha, mwili kutamani kurekebisha, na hapo wengi wanadhani zoezi limeshindikana. Hapana, ndiyo limeanza. Naongeza safu nyingine kwenye daftari: si "nilifanya vizuri kiasi gani" bali mikono ilihisi nini, pua ilinusa nini, masikio yalisikia nini. Macho yakihama kutoka kwenye matokeo kwenda kwenye unga wenyewe, ile sauti ya mkaguzi inapungua taratibu.

Ila kama unarudi mara kumi kuhakiki mlango, au kila tonge limekuwa hesabu, hayo si ya daftari. Muone mtaalamu wa afya ya akili.

Kwa wengine, nashauri kuanza na kile ulichokiacha badala ya kitu kipya. Kipya kitakutaka ununue vifaa na kutazama video kwanza usiku kucha. Cherehani iliyoko chini ya kitanda haihitaji hayo. Ipe dakika 20, simu ikiwa chumba kingine, na ulichoshona usimwonyeshe mtu mpaka wiki ya pili. Wiki hiyo mwonyeshe mmoja tu, bila kuanza kwa kuomba radhi.