Je, Ni Hopsi Zinazomlaza Mnywaji wa Bia ya Nyumbani?

Wanaojitengenezea bia nyumbani hutuuliza: mbona glasi moja ya bia yangu inanilaza, na ya dukani hainilazi? Lawama hutupiwa hopsi, yale maua ya kijani yanayoipa bia uchungu na harufu.

Hopsi hazisingiziwi bure. Pasua ua moja utaona unga wa manjano unaonata vidoleni. Humo ndimo zilimo asidi chungu. Waingereza wa zamani walilalia mito iliyojazwa maua hayo, na mwaka 1984 Ujerumani iliyakubali kuwa dawa ya mitishamba ya wenye wasiwasi na wasiopata usingizi. Hopsi zikikaa ghalani, asidi zile huvunjika na kutoa methilibutenoli, kitu kilichowalaza panya maabarani. Ila panya hao walidungwa dozi kubwa mno.

Tupime glasi yenyewe. Ukitia gramu 100 za hopsi kwenye lita 20, glasi ya nusu lita inapata gramu 2.5, na nyingi zimeshachemka muda mrefu. Glasi hiyohiyo, bia ikiwa ya asilimia 7, ina gramu 27 hivi za alkoholi. Ya dukani ya asilimia 4.5 ina kama 18. Anayekulaza ni alkoholi hiyo. Wachaga hupika mbege kwa ndizi, ulezi na gome la msesewe, bila hopsi hata moja, na mnywaji husinzia vilevile.

Hata hivyo hopsi zina mkono wao, kwa njia ambayo wengi hawaijui. Zikitiwa kavu baada ya bia kuchachuka, vimeng'enya vyake huvunja sukari iliyoishinda hamira. Hamira huamka, alkoholi hupanda, na chupa iliyofungwa mapema inaweza kupasuka. Kwa hiyo pima kwa haidromita, kifaa kinachoonyesha uzito wa bia ukilinganishwa na maji, kabla ya kutia hamira, kisha pima tena siku kadhaa baada ya hopsi za mwisho. Ikitoka 1.065 ikafika 1.012, hiyo ni asilimia 7. Andika kwenye chupa, mgeni wako ajue anachokunywa kabla hajashika usukani.

Ninachohofia zaidi ni mtu kuigeuza bia hii dawa ya usingizi kwa sababu "ina hopsi". Alkoholi humlaza mtu upesi, kisha humkatisha usingizi usiku wa manane. Na kama unatumia vidonge vya usingizi, usinywe kabisa: viwili hivyo kwa pamoja huweza kuzima pumzi.