4,294,967,297: namba inayojifanya tasa

Namba hii ni 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1.

Dhana: Inaishia na 7 na namba ndogo haziigawi, basi ni tasa.

Tarakimu ya mwisho inaondoa 2 na 5 tu. Tarakimu zote zikijumlishwa unapata 59, kwa hiyo 3 haimo. Kwa 7, 11 na 13 kuna njia moja: ikate namba mafungu ya tarakimu tatutatu kuanzia kulia, kisha toa na ujumlishe kwa zamu. 297 − 967 + 294 − 4 = −380, na 380 haigawanyiki kwa yoyote kati ya hizo tatu. Hadi hapo hesabu ni sahihi. Kosa ni kuishia hapo. Namba ni 641 × 6,700,417.

Dhana: Mfano ukikubali mara tano, umethibitika.

Mwanahisabati Fermat aliamini kwamba 2 ikipewa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea, kisha ikaongezwa 1, jibu ni tasa daima. 3, 5, 17, 257 na 65,537 ni tasa kweli. Ya sita ndiyo hii yetu, na mwanahisabati Euler aliivunja mwaka 1732. Tangu hapo haijapatikana tasa nyingine ya umbo hilo.

Dhana: Lazima ujaribu mabilioni ya vigawo.

Unaishia kwenye kipeuo cha pili, yaani 65,536, na chini yake zipo namba tasa 6,542. Hata hizo ni nyingi mno kwa kalamu. Euler alionyesha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii kikigawanywa kwa 64 huacha baki 1. Zinazobaki zinaanza na 193, 257, 449, 577, 641: jaribio la tano tu, kazi imekwisha.

Dhana: Ikipita kipimo cha Fermat kwa 2, ni tasa.

Hapa wengi wananaswa. Ukiita namba inayopimwa n, kipimo kinataka 2 kwa kipeo cha n − 1 iache baki 1 ikigawanywa kwa n. Kwa namba yetu, 2 kwa kipeo cha 32 ni sawa na baki −1, yaani inapungua 1 tu kufikia n. Kipeo cha 64 kinaleta 1. Na n − 1 ni kigawe cha 64. Inapita bila jasho, kwa sababu ya umbo lake lenyewe. Tumia 3 badala ya 2, itaumbuka.

Dhana: Namba kubwa ina vigawo vingi.

Hii ina vinne tu, nayo na 1 wakiwemo. Jirani yake, 4,294,967,296, ina 33. 4,294,967,295 ina 32. Huyo wa mwisho ndiye mkubwa kabisa anayeingia kwenye biti 32 zisizo na alama (nafasi 32 za 0 au 1 kwenye kompyuta, bila namba hasi). Akipitwa, hesabu huanza upya kutoka 0, kwa hiyo programu ya biti 32 ikipewa namba yetu huihifadhi kama 1, kisha inakuambia kwa ujasiri kwamba si tasa. Jibu sahihi, sababu mbovu.